Mbegu za Kuiwahi Jalidi

Jumamosi, 6 Julai

Baba ametoa hukumu huku akipaka siagi mkate wetu mweusi wa nafaka ya rai. Bangi yetu ya mbegu, ile isiyomlevya hata panzi, imeunguzwa na jalidi, ile baridi ya kugandisha umande, miaka miwili mfululizo kabla ya kukomaa. Mwaka huu ikishindwa tena, tunapanda shayiri. Shayiri! Nikamwambia nitazalisha aina fupi, ya haraka, inayoweza kumaliza kazi ndani ya kiangazi chetu. Akasema haya, mtaalamu, kitalu cha bangi nyuma ya sauna, bafu letu la mvuke, ni chako.

Jumatatu, 8 Julai

Nimetekeleza! Nimebakiza mimea iliyotangulia kuchanua. Mivivu yote nimeing'oa, isije ikaharibu ukoo. Eerikki, kijana wa jirani anayelima viazi, akauliza kutoka kwenye uzio kama napalilia au nalipiza kisasi. Nikaendelea kung'oa. Sayansi haibishani na watu wa viazi.

Jumanne, 9 Julai

Bibi Saimi alikuja kukagua. Akacheka mpaka akashika ukuta wa sauna.

"Mjukuu wangu, umebakiza madume matupu! Kwenye bangi dume ndilo huchanua kwanza. Sasa nani atakuzalia?"

Majike yangu yote yamenyauka kwenye lundo la mboji. Nimelia kidogo, kwa utaratibu.

Jumatano, 10 Julai

Muujiza! Chini ya kibanda cha kulishia ndege imeota bangi jike, kutokana na mbegu walizomwaga wakati wa theluji. Inanifika magotini tu, na tayari imechanua! Nimekata matawi ya madume yangu nikayakung'uta juu yake. Eerikki akauliza kama naibatiza. Nikasema ndiyo, na yeye hajaalikwa.

Jumamosi, 24 Agosti

Jalidi imepiga. Shamba la Baba jeusi tii. Lakini mbegu zangu nilizivuna juzi, zimekomaa, zimejaza kikombe cha kahawa! Baba akatafuna moja. Kisha akasema shayiri inaweza kusubiri, na kwamba mwakani napewa kipande cha shamba lenyewe. Nilikimbia kuzunguka sauna mara kadhaa.

Jumapili, 25 Agosti

Bibi ameniuliza nimejifunza nini. Nikamjibu: siri ni kuchagua walio mbele! Sasa nahamia kwenye kuku. Nataka ukoo unaotaga mapema. Katika kuku wachanga nimebakiza sita, wale wenye vilemba vikubwa vyekundu kuliko wote. Wale wengine, wapole wapole, nimemgawia Eerikki, maskini.

Wawili wangu leo asubuhi wamejaribu kuwika. Bidii iliyoje!