Mashine ya Gazeti Iliyo Chini ya Turubai

...haya, kimerudi. Kipaza sauti kimerudi. (Kigelegele cha mama mmoja. Wengine wanacheka.) Nilikuwa nimeshafika kwenye maendeleo, lakini kwa sababu ya protokali itabidi nianze upya. Mheshimiwa mgeni rasmi, bilionea wetu wa sangara, Bwana Rugaibula, mwenye maboti, mwenye malori, na tangu mwaka huu mwenye gazeti, mheshimiwa padri, waheshimiwa wa ushirika wa kahawa hapa Nshamba, waheshimiwa wavuvi mliovuka kutoka visiwani, mheshimiwa mwenye kipaza sauti, na mimi mwenyewe, Datius Mutalemwa, Mwenyekiti wa Kamati ya Kusimamia Usimamizi wa Habari. (Makofi. Anayaanzisha mwenyewe.)

Mnanijua. Wakati wa vita wengine walikimbia. Mimi sikukimbia, mimi nilirudi nyuma kimkakati mpaka Biharamulo. (Sauti: "Na godoro kichwani, tata!" Kicheko.) Ndiyo, na godoro, kwa sababu godoro nalo ni mali ya taifa.

Sasa hili gazeti la Amakuru. Mnakumbuka lilivyokuwa: karatasi moja, huyu binti Penina anaandika kwa mkono, anabandika pale mlangoni kwa ushirika kila Jumamosi. Hakuna menejimenti, hakuna sakyulesheni. Tena habari za kuhuzunisha tu, nani amezikwa, nani amepata Juliana, huu ugonjwa wa kukonda wa siku hizi, zahanati gani haina nini. Bwana Rugaibula akaona huruma, akalinunua. Na tangu alinunue, miezi sita, nani amesoma habari mbaya? Mmeona! Habari mbaya zimepungua kwa asilimia mia moja na kumi! (Sauti: "Na nzuri je?") Nzuri ziko kwenye kamati.

Sera yetu ni nyepesi. Mtu akikuuliza "Amakuru?" unajibu nini? (Wote: "Marungi!") Marungi! Ndugu Sayi na wenzako wavuvi msiojua Kihaya, maana yake habari, nzuri. Hata kama umelala njaa, unajibu marungi. Basi hiyo ndiyo fridomu ya presi ya kwetu. Gazeti linauliza amakuru, linajibu marungi, limekwisha.

Na hapa, chini ya turubai hili, ipo mashine ya kuchapa, mpya, kutoka Ujerumani, kopi elfu kumi kwa saa, ndani ya wiki kila mtu Muleba ana kopi mbili na mbuzi wake kopi moja. (Mama Georgina, muuza panzi wa senene: "Nitafungia senene!") Utafungia, mama, na kwa rangi.

Ila Bwana Rugaibula ana sharti moja dogo, kuna karatasi isichapwe. Penina ameandika karatasi nyingine, anataka itoke toleo la kwanza. Anasema zahanati moja kule Ngenge, jiko la kuchemshia sindano halina mafuta ya taa tangu Pasaka, kwa hiyo sindano wanazisuuza tu, moja hiyo hiyo watu wengi. Na kwamba hayo mafuta, ambayo Bwana Rugaibula ana tenda ya kuyapeleka, yanawaka kwenye karabai za maboti yake ya dagaa. (Minong'ono. Wavuvi wanatazama miguu yao.) Maneno kama haya yanatisha watu! Sindano haitishi, ndugu zangu, karatasi ndiyo inatisha. Kwa hiyo Penina aje hapa mbele, nimuulize swali moja, ajibu neno moja, na uedita ni wake, na pikipiki juu. Njoo mwanangu. (Penina anapanda na karatasi yake.) Shika kipaza sauti. Penina, amakuru?

(Penina: "Marungi, tata.")

Mmesikia! (Makofi. Bwana Rugaibula anatabasamu kwa mara ya kwanza.) Asante, rudisha kipaza...

(Penina: "Marungi. Ila...")

Hakuna ila!

(Mama Georgina anasimama na beseni lake: "Ila ipo, Datius! Mwenye maiti ndani akiulizwa anajibu marungi, halafu ndiyo anasema ila. Wewe ulizaliwa wapi?" Uwanja mzima: "Ila! Ila!" Penina anasoma karatasi yote, mpaka jina la tajiri.)

Ndugu wananchi, hiyo ila haikuwa kwenye ratiba! Mwenye kipaza sauti, kata, waitu, nakuomba, kata! (Mwenye kipaza sauti anajifanya anatafuta waya.) Mama Georgina, chupa hiyo unampa nani? Si mafuta yako ya koroboi hayo? (Chupa zinapita mkono kwa mkono kwenda kwa Penina. Sayi analeta dumu zima, upande wa tajiri haangalii.) Huo mchango wa zahanati hauna kibali! Na nyie vijana, mnafunua nini?

(Kijana: "Turubai la msiba, mzee. Tulikuazima mpaka saa nane. Watu wanapigwa na jua kule.")

Subirini nimalize... (Wanavuta. Chini kuna magogo ya migomba, yamepangwa vizuri kabisa.)

Hii, ndugu wananchi, ni awamu ya kwanza ya mashine. Amakuru oyee! (Kicheko.) Habari nzuri juu! (Kicheko zaidi.) Nawashukuru sana kwa kuipokea mashine hii, ambayo itafika ikishaagizwa, na itaagizwa mtu akishajua inaitwaje. Ningeendelea, lakini lazima niondoke sasa hivi, Bwana Rugaibula ameshawasha gari na mimi nilikuja kwa lifti yake. Penina, mwanangu, ukibandika Jumamosi usiseme nimekimbia. Andika nimerudi nyuma kimkakati.