Nukta Moja Mbele ya Ramani

Jumatatu, 3 Juni

Nina miaka sabini na tatu. Nimewazika au kuwaaga mameneja saba wa ofisi hii ya maji, mashine za kuandikia tatu, mchwa wa mwaka ule, na daktari aliyesema sitafika sitini. Masjala nimeishika miaka thelathini na minane kwa elimu ya darasa la nne. Wamenistaafisha mara mbili. Mara mbili wamenirudisha, maana nikiondoka mafaili hayaonekani. Hayajaibwa. Yapo palepale, ila pale nilipoyaweka mimi. Hiyo ndiyo siri ya kazi: kitu kinachoonekana na kila mtu hakihitaji mtunzaji.

Leo Meneja wa nane katuita, mimi na Bibi Muhuri wa mapokezi. Kasema karatasi zote zimeshapigwa picha na kuingizwa kwenye seva. Rafu zangu zinatolewa. Ufunguo wa chumba utabaki kwa mtu mmoja, atakayejua kutafuta faili ndani ya seva. Fundi atatufundisha wiki nzima, Ijumaa atupime. Atakayeshindwa anakwenda dirisha la malalamiko.

Aliyekaa dirisha lile mara ya mwisho alimaliza mwaka mmoja akaanza kuomba radhi usingizini.

Nikaugusa ufunguo mfukoni. Umekaa hapo mpaka kila suruali yangu ina umbo lake. Bibi Muhuri akasema, kwa sauti ya kumjulia hali mgonjwa, kwamba mzee apumzike, macho yamechoka. Nikamjibu macho haya yaliiona ofisi hii ikiwa msingi. Akasema ndiyo maana yamechoka.

Nitamnyoosha.

Jumanne, 4 Juni

Seva ni sanduku jeusi, kimo cha mbuzi, linavuma. Nilitarajia kubwa zaidi. Limewekwa pale ilipokuwa rafu yangu ya mabomba makuu.

Fundi ni mama wa makamo mwenye subira ya mkunga. Hakuna kubofya picha. Kuna skrini nyeusi tu. Unaandika amri, seva inajibu. Akasema ni kama kumtuma tarishi: ukimwagiza vizuri analeta, ukimwagiza ovyo anarudi mikono mitupu. Hilo nalijua, nilianza kazi nikiwa tarishi.

Sasa, mimi simtumi mtu kabla ya salamu. Nikaandika hujambo. Ikajibu amri hiyo haijulikani. Nikaona labda imenizidi cheo, nikaandika shikamoo. Haijulikani. Bibi Muhuri akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. Fundi hakucheka. Akasema seva haina umri, baba. Nikabaki najiuliza, kitu kisicho na umri kimeajiriwaje.

Tumejifunza ls. Herufi mbili tu, na mafaili yote ya kwenye folda yanajipanga kama watoto wa gwaride. Halafu find: unataja jina la faili, inakuambia limo folda gani. Bibi Muhuri anaandika kwa vidole kumi. Mimi kwa kimoja, lakini kinachojua kinakokwenda.

Nyumbani mke wangu kaniuliza mbona nazunguka sebuleni kama kuku anayetaka kutaga. Nikasema nafikiri. Akasema nifikiri nimekaa, zulia limeshatoboka.

Jumatano, 5 Juni

Nimefika ofisini kabla ya mfagizi. Kukaa nyumbani siwezi, kukaa kitini siwezi. Nikanywa chai kwa Mama Chai ng'ambo ya barabara, juu ya kigoda changu, mahali pangu pa siku zote, nikairudia ls kwa kidole hewani. Mama Chai akauliza kama namfukuza nzi.

Leo Fundi kadondosha lulu. Alisema kwa kupita tu, kama mtu anayetaja mawingu: jina la faili likianza na nukta, ls hailionyeshi. Lipo, ila halionekani. Bibi Muhuri alikuwa anaangalia kucha zake. Mimi moyo ulipiga kwata. Miaka yote hii nimeficha mafaili nyuma ya mafaili, juu ya dari, chini ya godoro la mlinzi. Kumbe ilitosha nukta!

Mchana walipokwenda kula, nikabaki. Amri ya kubadili jina ni mv. Nikaichukua ramani ya vali, ile inayoonyesha kila mahali maji ya mji yanapofungwa. Hakuna faili linaloulizwa sana kuliko hilo. Nikalipa jina la mbuzi niliyemchunga utotoni, na mbele yake nukta. Nikaita ls. Kimya. Ramani imemezwa na ardhi.

Ijumaa Fundi lazima aulize ramani ya vali. Bibi Muhuri atahangaika na vidole vyake kumi. Mimi nitajikuna kichwa kidogo, kwa adabu, kisha nitaileta.

Alhamisi, 6 Juni

Bibi Muhuri kaniamkia vizuri asubuhi. Ana lake jambo. Nikaihamisha ramani kwenye folda ya barua za rambirambi, nikaibadilisha jina kutoka mbuzi kuwa shemeji.

Baada ya chai nikawaza: watu hufa, folda hiyo itafunguliwa. Nikaihamisha tena, kwa jina la mjomba. Kabla ya kula nikaona mjomba si mtu wa kuaminika, hakuwa hata akiwa hai. Nikahamisha. Saa tisa nikahamisha mara ya mwisho, kwa jina kali kuliko yote, mahali ambapo hata shetani ataona uvivu kufika. Jina hilo silitaji humu. Mke wangu anapangusa meza kwa mkono mmoja na kusoma kwa jicho lingine.

Kaniuliza naandika nini. Nikasema wosia. Akasema nisisahau kuitaja ngazi ya jirani niliyoazima.

Ijumaa, 7 Juni

Mtihani haukufanyika. Saa tatu bomba kuu limepasuka nje ya wodi ya wazazi, mtaa wa pili. Maji yameingia wodini, wakunga wanahamisha wazazi juu ya meza. Meneja kaja mbio, tai begani: ramani ya vali, upesi.

Bibi Muhuri akaandika ls. Hamna. Akaandika find. Hamna. Nikamwambia awapishe wenye kazi.

Nikaketi kama jaji. Nikatafuta mbuzi. Hamna, bila shaka, nilishamhamisha. Shemeji, hamna. Mjomba, hamna. Kilichofuata sikukikumbuka. Kichwa kikawa mtungi mtupu. Nikajaribu shangazi. Nikajaribu baba mkwe. Simu ya Meneja ikalia, nikasikia mkunga akisema maji yamefika magotini na kuna mama hawezi kungoja. Meneja akaniuliza kwa nini natafuta mabomba ya mji kwa majina ya ukoo wangu. Nikasema ni utaratibu wa masjala.

Fundi akaniomba nimpishe. Akaandika neno moja, history. Hakuwa ametufundisha hilo. Seva ikatapika kila nilichoandika tangu Jumanne, mstari kwa mstari. Fundi akasoma kwa sauti kama karani wa mahakama. Hujambo. Shikamoo. Ramani kuwa mbuzi. Mbuzi kuwa shemeji. Shemeji kuwa mjomba. Mpaka saa tisa ya jana: folda ya malalamiko, faili limeitwa muhuri, mbele yake nukta.

Nilifikiri hatajitafuta mwenyewe. Na sikukosea, hakujitafuta.

Ramani ikafunguka. Vali ya wodi iko chini ya kifuniko cha chuma, ng'ambo ya barabara, mbele ya Mama Chai. Kifuniko ninachowekea kigoda kila asubuhi! Nililijua hilo tangu zamani. Ningeulizwa ningesema. Wao waliiuliza seva.

Sikungoja mtu. Nilikimbia, kwa goti hili. Fundi bomba aliyepigiwa simu na Meneja alishakitoa kigoda changu, anaizungusha vali kulia mpaka mishipa inamtoka, haisogei. Nikamwambia ile inafungwa kushoto, meneja wa tatu aliiweka kinyume, na haiko kwenye ramani yoyote. Akazungusha kushoto. Maji yakakatika.

Wamezaliwa watoto wanne leo. Wote wakavu.

Jumatatu, 10 Juni

Meneja kaniita mzee wangu. Hapo hapo nikajua. Kasema kuhusu kushoto na kulia amenishukuru, na ndiyo maana sifukuzwi. Ufunguo, hata hivyo, umekwenda kwa Bibi Muhuri.

Nikautoa. Alipoupokea akasema ni wa moto. Hakucheka. Akasema nikitaka kuingia nigonge tu, atafungua. Mguu wangu wa kulia unajiona mwepesi tangu hapo, unatembea upande.

Dirisha la malalamiko. Hadi saa nne, watu kumi na wawili. Mmoja maji hana, mmoja maji mengi mno, mmoja hana shida ila amekuja kunitazama.

Nimelitafakari kosa langu wikendi nzima, nikizunguka, na nimeliona. Nukta moja ilikuwa kidogo. Kompyuta ya dirishani nayo imeunganishwa na seva. Mchana, walipokwenda kula, malalamiko yote ya leo nimeyatia nukta tatu. Wiki haiishi watakuja kunibembeleza.

Anayebisha habari hizi amuulize Fundi, au mke wangu, ambaye najua amesoma mpaka hapa. Na akiwaona wote waongo, aiulize seva yenyewe. Kila neno nililoandika inalo.