Taa ya Samaki Imeniletea Wateja wa Supu

Leo nimeaibika. Tena nyumbani kwangu mwenyewe, mbele ya msalaba, mshumaa na watu kumi na wanne. Nawaeleza mapema kabla hamjasikia kwa wengine, maana huku Katandala kisa kimeshaongezwa chumvi.

Mnajua nina tangi la samaki sebuleni. (Ndiyo, mimi ndiye yule anayefuga samaki asiowala.) Ni samaki sita wa njano wa Ziwa Tanganyika, nilioletewa na rafiki yangu wa Kasanga kwenye ndoo. Humo ndani nimepanda majani ya majini. Samaki hawana shida. Wenye shida ni majani, yanataka mwanga.

Nilianza na balbu ya kawaida. Majani yakawa ya njano kuliko samaki. Nikafunga taa kubwa ya nje, ile ya kumulikia uani. Wiki mbili tu maji yakawa ya kijani, mazito kama mlenda, samaki siwaoni. Nikaenda kuomba ushauri kwenye kundi la wafuga samaki wa mapambo huko mtandaoni. Wengi wakasema taa nyeupe ya kiasi inatosha, iwake saa nane kwa siku, basi. Nikaona hiyo ni rahisi mno! Jamaa mmoja akasema taa ya zambarau ndiyo ya kitaalamu, majani yanaipenda. Nikaagiza hiyo kutoka Mbeya, ikaja na rimoti yake. Nikaifunga jana mchana, jua linawaka, nikaona inang'aa kidogo tu.

Mchumba wangu Fides akaiangalia. "Hiyo taa ni ya baa."

"Hii ni ya kitaalamu," nikamjibu. (Nilivyolitamka neno lenyewe, mngedhani nimelisomea.)

Nikaiwekea taima, iwake yenyewe kila siku saa kumi na mbili asubuhi.

Sasa sikilizeni. Leo Jumamosi ilikuwa zamu yangu kupokea jumuiya yetu ya kanisa, na sala zetu huanza saa kumi na mbili hiyo hiyo. Na leo hapakuwa pa kufanyia mchezo. Mimi na Fides tunataka kuandikisha ndoa, mwisho wa kupeleka majina parokiani ni kesho, na bila barua ya mwenyekiti wa jumuiya hawakupokei. Mwenyekiti wetu ni Mzee Anselmi, mzee asiyecheka. Nilipomwomba barua wiki iliyopita aliniuliza, "Kwani wewe ni nani?" Swali la haki kabisa, maana kwenye jumuiya naonekana kama mvua ya Agosti. Akasema, "Tutasali kwako kwanza, halafu tuone." Nilikuwa naogopa kweli. Mama yake Fides ameshawatangazia ndugu zao wote wa Laela.

Basi nikasafisha nyumba. Nikafua hadi mapazia kwa heshima ya wageni. (Kwa baridi hii ya Sumbawanga, hata sasa hivi bado yanadondosha maji.) Kwa hiyo dirisha la barabarani lilikuwa wazi, na tangi liko hapo hapo dirishani. Kina mama wakapanga msalaba na mshumaa mezani, mbele ya tangi. Mlango tukauacha wazi kwa ajili ya wanaochelewa. Nje bado giza, ukungu umetanda.

Mzee Anselmi akasimama. "Kwa jina la Baba..."

Tak!

Nyumba nzima ikawa zambarau. Mvi za Mzee zambarau. Msalaba zambarau. Ukungu wa nje nao zambarau hadi ng'ambo ya barabara! Mzee akanitazama mara moja, akaendelea kusali. Soketi iko nyuma ya tangi, na kuifikia ni lazima nimpite yeye na mshumaa wake. Nikakumbuka kwamba rimoti iko mfukoni. Nikaingiza mkono taratibu, nikabonyeza kitufe cha kuzima.

Hakikuwa cha kuzima.

Taa ikaanza kuchezacheza. Nyekundu, bluu, kijani, nyekundu. Tumefika kwenye litania, na kila tukisema "utuombee" inabadilika rangi. Nikabonyeza tena, ikaongeza kasi. Fides akajifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika. Mimi jasho linanitoka kwenye baridi ile.

Ndipo wakaingia wanaume watatu waliovaa makoti mazito na kofia za sufu, vumbi la mahindi limewajaa. Wapakiaji wa magunia, walikuwa njiani kwenda kazini. Mmoja akavua viatu, akakaa mkekani karibu na Mama Yustina, akamnong'oneza:

"Mama, supu bado? Mmesubiri sana?"

Mama Yustina, macho kayafumba: "Utuombee."

Jamaa akaona huyu hana msaada. Akainuka hadi kwenye tangi, akainama, akachagua kwa kidole, kisha akamgeukia Fides.

"Dada, huyu mkubwa mtukaangie. Na chapati sita."

Litania ikakatika. Fides akacheka kwa sauti, jumuiya nzima ikafuata. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

"Bwana," Mzee Anselmi akasema, "hapa tunasali."

Jamaa akavua kofia haraka. "Mtusamehe sana, mzee! Tumeona taa, tumeona viatu vingi mlangoni, tukajua pamefunguliwa grosari mpya."

"Kaeni," Mzee akawaambia. "Supu hakuna, chai ipo."

Mzee akapita mwenyewe nyuma ya tangi akachomoa waya. Tukasali hadi mwisho, wale wapakiaji wakiwa nasi, na wimbo wa kufungia mmoja wao aliuimba kwa besi hadi vioo vikatetemeka. Wakanywa chai, wakaaga kwa adabu, wakaenda kazini.

Nikabaki na Mzee. Akatoa fomu ya barua na kalamu. Nikaanza kujitetea kuhusu majani, akaninyamazisha kwa mkono.

"Miaka yote hii nazunguka nyumba kwa nyumba kuwaita wanaume waje kusali. Hawaji. Leo kwako wamekuja watatu kwa miguu yao."

Nikamwangalia vizuri. Jamani, Mzee Anselmi alikuwa anacheka! Akaandika, akasaini, akanipa barua. Nimeisoma hadi karatasi imelegea. Pale penye "Ushiriki wake katika jumuiya" ameandika: "Anashiriki. Taa yake inaonekana hadi barabarani."

Kesho barua inasomwa parokiani. Naomba msicheke. Mwenye taa nyeupe ya tangi aniuzie, na nyie mnaopita hapa mkiulizia supu tangu saa nne, tumefunga.