Umbali wa Mita

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Balaa. Tangazo limebandikwa kwenye nguzo ya umeme hapa mtaani kwetu, Kizota. Bomba la maji taka limeshapita barabara ya juu, na nyumba zote za karibu ziunganishwe. Makaro ya zamani, yaani mashimo ya maji ya choo, yafukiwe. Ijumaa bibi afya anapita nyumba kwa nyumba.

Karo langu nalipenda, na sioni haya kusema hivyo. Swaumu, mke wangu, alipanda mzabibu kando yake mwaka tuliohama kutoka Kondoa, na sasa umetambaa juu ya uwanja wote. Mwezi huu Dodoma nzima ni vumbi. Sisi tunakunywa chai kivulini na kuchuma zabibu. Jirani yetu Yotham ameniuliza mara tatu natumia mbolea gani. Nimemwambia ni siri ya ukoo.

Swaumu kasoma tangazo, kisha kaosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi. Imeniuma sana. Nimemwahidi kwamba mzabibu haufi.

Jioni Yotham kapita. Anasema tusihangaike, kwangu ni bondeni, maji hayawezi kupanda hadi barabarani. Nimemjibu kwamba hajui kusoma sheria.

Jumanne, 9 Septemba

Nimerudi kwenye nguzo na miwani. Watu husoma kwa pupa. Mimi husoma neno kwa neno. Imeandikwa hivi: "Umbali wa mita 30 au zaidi kutoka bomba la maji taka, karo linaruhusiwa."

Umbali wa mita! Hawakutaja nyumba, hawakutaja choo. Wametaja mita. Na mita yangu ya maji iko getini, karibu kabisa na barabara. Nyumba haihamishiki. Mita inahamishika. Nilicheka peke yangu hadi muuza karanga akaja kuniuliza kama nimepata kazi.

Swali moja tu. Thelathini nini? Hawakusema. Sheria isiposema, mwananchi anachagua. Nimechagua hatua.

Jumatano, 10 Septemba

Nimehesabu kuanzia mfuniko wa chemba ya barabarani, pale bomba la maji taka linapofunguliwa. Getini, chini ya mzabibu, nyuma ya jiko. Hatua ya thelathini imeangukia ndani ya banda la kuku. Yotham alikuwa akinitazama juu ya michongoma. Nimemwambia ni mazoezi, daktari kaniagiza. Akasema vizuri, lakini bandani niingie taratibu.

Fundi bomba Adamu kaja na spana yake. Kaniuliza kibali kiko wapi. Nimempeleka kwenye nguzo, nimemsomea. Katikisa kichwa muda mrefu, lakini kazi kafanya. Mita sasa imo bandani juu ya matofali mawili, nami nimeifunika kwa nyasi isionekane na wezi. Nimekula ugali mara mbili.

Swaumu kauliza sababu. Nimemwambia asome tangazo. Anasema amelisoma lote, wala hakuona neno kuku.

Ijumaa, 12 Septemba

Bibi afya anaitwa Devota. Bado msichana, mpole, kanipa shikamoo. Nikajua nimeshashinda. Kabla hajafungua begi nikamkimbiza bandani.

Kumbe tangu jana tetea mwekundu amezipenda zile nyasi. Ametulia juu ya mita yangu, anatamia. Nilipomwinua bawa ili mgeni aione, alinidonoa mara mbili. Devota aliuliza kwa adabu ni kwa nini anaonyeshwa kuku.

Nikamweleza umbali wa mita, neno kwa neno. Swaumu alijifunika uso kwa khanga. Nyuma ya michongoma Yotham alipaliwa, ingawa hakuwa anakula kitu.

"Mzee wangu," Devota akasema, "hiyo ni mita ya kupimia urefu."

Akatoa tepu. Akapima kutoka kwenye chemba hadi ukuta wa nyumba. Ishirini na mbili. Nikakaa kwenye ndoo. Swaumu alikuwa ameshika shina la mzabibu wake, hanitazami.

Lakini Devota hakuandika chochote. Alirudi barabarani, akafunua chemba, akachungulia, akaja kutazama karo, akaitazama tena barabara. Kisha akasema bomba liko juu ya karo langu kwa kimo cha mtu na zaidi, na maji taka hayapandi mlima yenyewe. Nyumba ya namna hii haiunganishwi hata ikiwa karibu. Inabaki na karo lake, mradi mfuniko ni mzima, bomba la hewa lipo, hakuna kisima jirani, na gari la maji taka liitwe kabla karo halijajaa.

Alhamdulillahi. Nilishusha pumzi ambayo nadhani niliibana tangu Jumatatu. Swaumu alicheka huku machozi yanamtoka, akawachumia wageni zabibu sahani nzima. Yotham alishafika, hakuna aliyemwita. Devota akauliza mzabibu huu unapata wapi maji kiangazi chote hiki. Nikatazama mfuniko wa karo. Yotham aliacha kutafuna.

Baadaye alinikumbusha kwamba habari ya mlima aliisema yeye tangu Jumatatu. Inawezekana. Lakini yeye alibahatisha tu, hakusoma popote.

Jumatatu, 15 Septemba

Barua imefika, ina mhuri. Karo limeruhusiwa kwa maandishi. Swaumu kaibandika jikoni na leo kaimba tangu asubuhi. Nyumba imekuwa nyepesi.

Chini kabisa kuna mstari mwingine. Mita ya maji irudishwe getini ndani ya siku saba, la sivyo hatua zitachukuliwa.

Adamu alishakuja na spana. Swaumu anasema irudishwe leo hii. Tetea ana mayai kumi na moja, maana nimemwekea na ya wenzake, na siku saba hazimtoshi kuangua. Nikavaa miwani, nikasoma neno kwa neno.

Hatua zitachukuliwa. Hatua! Ijumaa wamenipimia kwa tepu mbele ya jirani, leo wameandika wenyewe kwamba watachukua hatua. Ngapi? Hawakusema.

Nimemwambia Adamu aende zake na spana yake. Waje wachukue hatua zao. Mimi zangu nilishazichukua, thelathini kamili, hadi bandani.