Dirisha Lisilopitisha Sinia la Dindon

Élisabethville, mtaa uitwao Kenya
Tarehe 19 Desemba 1953

Kwa Bwana Mhariri wa gazeti la parokia yetu,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na jamaa yako, pamoja na yule fundi wa chapa ambaye mwaka juzi aliniweka katika orodha ya waliobatizwa, ingawa mimi nilikuwa baba wa mtoto. Nilisamehe siku ileile.

Mimi ni Léonard Kunda, karani wa mizigo pale stesheni, msomaji wako tangu gazeti lilipokuwa karatasi moja. Sijawahi kulalamika. Leo nalalamika kwa sababu ya sinia.

Katika toleo la Majilio, ukurasa wa akina mama, Mademoiselle anayefundisha upishi alieleza namna ya kuoka dindon, yaani bata mzinga, kwa Noël, sikukuu ya kuzaliwa Bwana. Aliandika kwamba jambo la kwanza ni kuchagua sinia la kuokea. Liwe pana kumpita ndege kwa vidole viwili kila upande, kingo zake ziwe fupi ili joto lizunguke, na liwe na mishikio imara. Ukurasa huo niliukata nikaubandika ukutani, chini ya picha ya Familia Takatifu. Tangu hapo sijapata usingizi mzuri.

Utauliza karani wa mizigo ana shughuli gani na dindon. Mama mkwe wangu, ambaye jina lake sithubutu kuliandika, anakuja kutoka Mitwaba kula Noël kwetu. Katika ukoo wa mke wangu Agnès, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni wala hawasemezani, mpaka siku atakapomlisha ndege mzima, aliyepikwa bila kukatwa hata kiungo kimoja. Ndege akikatwa, ni kama kusema ndoa imekatwa. Mimi bado sijamlisha. Kila anapokuja kututembelea, nikiingia uani yeye anakimbilia nyuma ya nguo zilizoanikwa, nami najifanya sioni miguu yake. Mwaka jana alikuwa nyuma ya shuka akicheza na mtoto wetu Brigitte. Nilimsikia mtoto anacheka, nisiweze kwenda kuwaona. Iliniuma sana, Bwana Mhariri. Nimekua bila mama. Sasa nina mama uani kwangu, na ninamjua kwa miguu tu.

Ndipo nikashinda dindon katika tombola, ile bahati nasibu ya parokia. Nikaona Mungu mwenyewe ameingilia kati. Nikatuma habari Mitwaba kwamba safari hii mama atalishwa ndege ambaye ukoo wao haujapata kumwona. Maneno hayo yamekwisha kufika, na siwezi kuyarudisha. Sasa nakuletea malalamiko yangu.

1. Kuhusu vidole. Mademoiselle hakusema ni vidole vya nani. Vya Agnès ni vyembamba, vyangu ni vya karani, na kidole kimoja cha jirani yangu Dominique, fundi mwashi, kinatosha kuwa viwili. Tulimpima dindon kwa mikono yetu sote, kila mmoja akapata sinia lake, na dindon akamdonoa Dominique. Naomba gazeti litangaze kidole rasmi.

2. Kuhusu vyombo tulivyo navyo. Karai la Dominique linamtosha ndege, lakini limechanganya saruji miaka mingi, na Agnès anasema tutakula ukuta. Beseni la kumwogeshea Brigitte, kwa kweli, linamtosha sawasawa, vidole viwili huku na viwili kule, kana kwamba Mademoiselle alilipima yeye. Nilipoliomba, Agnès alisema: “Bwana, unataka kupika mutoto ao kuogesha dindon? Chagua moja.” Sikuchagua. Nilitoka nje kidogo.

3. Kuhusu tanuru. Sisi tunapikia mbabula ya makala, yaani jiko la makaa, kama majirani wote, na mbabula haina mlango wala paa. Mwoka mikate wa avenue yetu amekubali kwa moyo mwema kutuachia tanuru lake mkesha wa Noël. Nimelipima mdomo kwa kamba. Dindon anaingia, hata karai linaingia, ila mishikio yake imara haiingii. Nimemshauri mwoka mikate abomoe matofali mawili kwa muda wa sikukuu. Yeye amenishauri nikate mishikio. Bado tunasalimiana.

4. Kuhusu dindon mwenyewe. Kwa kuwa Majilio ni majira ya kujinyima, na kwa kuwa ndege huyu ni wa parokia, nilimpunguzia mahindi ili apungue mpaka alingane na chombo. Amenenepa. Namshuku Agnès, na Agnès ananishuku mimi kwa mambo mengine.

5. Kuhusu dirisha. Hapa ndipo penye kidonda. Sinia lenyewe, lile la kwenye ukurasa wako, lipo. Liko mjini katika magazini moja, yaani duka nisilolitaja, juu ya rafu, jeupe lenye ukingo wa buluu. Kama unavyojua, sisi weusi tunauziwa kwenye dirisha la pembeni. Jumamosi iliyopita nilivaa koti, nikafunga tai, nikapanga mstari. Zamu yangu ilipofika nikaomba sinia. Mwuzaji, mtu mpole, akaliteremsha na kulileta. Halikupita. Akalilaza, akalisimamisha, akatanguliza mshikio mmoja. Mimi nikavuta, yeye akasukuma, na watu nyuma yangu wakatoa mashauri ya kila namna. Mwishowe akaniletea jingine dogo, la kuokea njiwa, nalo likapita vizuri sana. Basi hali ni hii: sinia linalomtosha dindon halipiti dirishani, na linalopita dirishani halimtoshi dindon.

Nisieleweke vibaya. Mimi si mtu wa kudai makubwa, na mambo ya utawala siyagusi. Naomba tu, kwa unyenyekevu, gazeti lako lishauri dirisha hilo lipanuliwe kwa kadiri ya dindon mmoja, na vidole viwili kila upande. Lakini tombola ni tombola, na mwakani mtu anaweza kushinda mbuzi. Kwa hiyo ni afadhali lipanuliwe kwa kadiri ya mbuzi. Na sinia la mbuzi ni zito, halifai kuinuliwa mpaka kifuani, basi dirisha lishushwe hadi chini kabisa. Likishafika chini, mvua itaingia dukani, na sipendi mwuzaji yule apate hasara. Basi liwekewe ubao wenye bawaba, uweze kufunguliwa na kufungwa, pamoja na kitasa. Dominique ameniambia kazi hiyo ni ndogo tu.

Nikitumaini kwamba jambo hili litatengenezwa kabla ya Noël, naomba unisalimie Padri, Mademoiselle, na fundi wa chapa. Agnès anakusalimu. Brigitte pia anakusalimu, yumo ndani ya beseni lake. Dindon hajambo.

Msomaji wako mwaminifu, asiye na sinia,
Léonard Kunda

P.S. Tarehe 27 Desemba. Niliichelewesha barua hii mpaka posta ikafungwa, kwa hiyo naongeza habari chache.

Mama mkwe alifika akanikuta nampima dindon tena. Alijificha nyuma ya shuka kama desturi. Kwa kuwa hawezi kunisemesha mimi, alimsemesha ndege, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa Dominique: “We dindon, ambia ule bwana wa Agnès, miye sikuomba ndege ya Bazungu. Kuku moja tu, yenye kuenea mu nyungu yenu ya siku zote. Aache kujisumbua, atagonjwa.”

Basi Agnès alipika kuku mzima, katika chungu chetu, juu ya mbabula yetu. Chungu hicho kilikuwa jikoni siku zote hizi. Nilimlisha mama kwa mkono wangu, akala, mwiko ukaisha. Ana uso wa Agnès, na kovu dogo juu ya jicho ambalo hakuna aliyepata kuniambia habari zake. Nilifurahi hata nikaona haya.

Baada ya hapo tukaketi uso kwa uso, na hakuna aliyejua la kusema. Ndiyo maana dindon hakuchinjwa. Amekuwa mkalimani wetu, na mahindi yake nimeyarudisha.

Jana nilimsomea mama barua hii yote. Alisikiliza vidole, karai na tanuru. Nilipofika kwenye dirisha lenye bawaba na kitasa, alinyanyua mkono ninyamaze, akamgeukia dindon: “Dindon, ulizia miye huyu mutoto wangu: kwa ile magazini, mulango haiko?”

Alikuwa hajapata kuniita mtoto wake, kwa hiyo swali nililisikia kwa kuchelewa. Nikamwambia dindon amjibu mama kwamba mlango upo.

Tafadhali, Bwana Mhariri, futa malalamiko yote hapo juu, uchape swali la mama peke yake.