Bia ya Pilipili Kule Al Mansoura

Jumapili, 8 Juni 2014

Phyllis amenipigia simu. Yeye mwenyewe, bila mimi kumbipu kwanza. Nilikuwa chini ya meza ya mhasibu, ofisini Al Sadd, navuta waya za printa. Niligonga kichwa. Hakikuuma hata kidogo.

Aliuliza kama Ijumaa tunaweza kuangalia mechi ya Kameruni na Meksiko kwangu, kwa kuwa runinga yangu ni kubwa. Nikasema bila shaka. Kisha akanihadithia habari za nesi mwenzake wodini, mama wa Kimeksiko, anayesifia kila siku kinywaji cha kwao. Bia baridi, ndimu, juisi ya nyanya, pilipili, na chumvi kwenye mdomo wa glasi. Kinaitwa michelada. Phyllis akasema angependa kukionja siku moja.

Nikamwambia nakijua vizuri, huwa nakitengeneza nyumbani.

Sijawahi kukisikia tangu nizaliwe.

Jumatatu, 9 Juni

Nimesoma kwenye mtandao siku nzima. Printa tatu zimekufa, sijali. Kinywaji chenyewe ni rahisi. Taabu ni bia.

Hapa Doha bia hununui dukani kama mkate. Unahitaji leseni, na leseni inahitaji barua ya mwajiri. Mwajiri wangu hapendi hata tucheze muziki ofisini.

Taabu ya pili ni Abubakari, ninayeishi naye hapa Al Mansoura. Mtu wa Tanga, mpishi wa hoteli, hakosi swala. Siku niliyohamia aliniambia kwa upole kwamba chakula chake ni changu na sufuria zake ni zangu, ila pombe isivuke mlango ule. Nikampa mkono. Mkataba wa nyumba nao unasema hivyo hivyo: ukikutwa na pombe, unatoka.

Nimefikiria kumwambia Phyllis ukweli. Baadaye nikaacha kufikiria.

Jumanne, 10 Juni

Herbert amesikia. Sijui nani humwambia mambo.

Herbert ni Mkenya mwenzangu, mhandisi, anakaa Fereej Bin Mahmoud. Anamtaka Phyllis kama mimi ninavyomtaka, lakini akiwa mbele yake huongea habari za gari lake tu. Nimewahi kumsikia akimweleza habari za breki tangu supu mpaka chai. Mtu wa namna hiyo si tishio.

Ila ana leseni. Amenipigia kusema nisihangaike, ataleta bia yeye, kreti nzima. Nikaona picha yote: mimi nakamua ndimu jikoni, Herbert sebuleni anashukuriwa.

Nikamwambia asilete kitu, mimi nina njia yangu. Akauliza njia gani. Nikasema mambo hayo hayasemwi kwenye simu. Akashusha sauti na kuniita mkubwa. Hajawahi kuniita hivyo.

Jumatano, 11 Juni

Njia nimeipata, tena supamaketi, rafu ya chini karibu na maziwa ya unga. Bia isiyo na kilevi. Ina povu, ina rangi, ina uchungu wake. Nikiimimina kwenye jagi na kuongeza nyanya na pilipili, nani atajua?

Abubakari alisoma kila kopo, mbele na nyuma, midomo ikicheza. Akasema haoni haramu yoyote hapa, lakini kwa nini niimimine kwenye jagi? Nikamwambia ndiyo desturi ya Meksiko. Akasema, haya ndugu yangu.

Alinipa pilipili mbuzi ya kusaga aliyoletewa na dada yake, Time, kutoka Tanga. Akanionya kwamba ncha ya kijiko inatosha sufuria ya watu wa harusi. Wapishi hupenda kutia chumvi.

Alhamisi, 12 Juni

Jaribio la kwanza. Nimetia ndimu, soya sosi, juisi ya nyanya, na pilipili kijiko kimoja. Ilikuwa baridi, ikateremka vizuri, halafu ulimi ukafa ganzi. Kwa kuwa sikusikia ladha tena, sikuweza kujua kama pilipili imetosha. Nikaongeza.

Nimepanga pia maneno ya kumwambia Phyllis wakati wa mapumziko ya mechi. Nimeyasema mbele ya kioo cha bafuni. Abubakari akagonga mlango kuuliza kama naumwa.

Ijumaa, 13 Juni

Naandika kwa jicho moja.

Walikuja Phyllis na Chelsea anayeishi naye, kisha Herbert na shati jipya. Nilikuwa nimeficha makopo yote kwenye mfuko mweusi nyuma ya jiko. Jagi likaingia sebuleni likiwa na barafu. Herbert akanusa, akanikonyeza, akauliza kwa sauti ya chini kama huu ni ule mzigo. Nikamjibu kwamba ni mkali, aende nao polepole.

Hakwenda polepole. Glasi ya kwanza ilimtoa machozi na jasho, akasema hiyo ndiyo bia. Kwenye ya tatu alifungua vifungo vya shati. Kwenye ya nne akaegemea ukuta na kuimba wimbo wa harusi wa kwao, sauti nzito, akipiga meza. Chelsea naye akasema kichwa kinamzunguka. Phyllis alikohoa, akafuta macho, akasema kinywaji hiki kina maisha. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Mapumziko yakafika. Nikasogea karibu na Phyllis, nikavuta pumzi, na nywele ikanigusa jichoni. Nikaifuta kwa kidole. Kidole kile kile nilichotumia kupaka pilipili kwenye midomo ya glasi.

Siwezi kueleza. Nilikimbilia bafuni. Abubakari, aliyekuwa chumbani kwake, alikuja na maziwa na kunimwagia usoni, akiniambia nifumbue, nami nikakataa. Kutoka mle ndani nikamsikia Herbert. Alikuwa ameacha kuimba.

"Phyllis," alisema, "mimi huongea habari za gari kwa sababu nikikuona maneno mengine yananipotea. Sitaki gari. Nataka wewe ukae mbele, tuende popote."

Maneno yangu yalikuwa mazuri zaidi. Yalikuwa na vituo na kila kitu.

Nilitoka bafuni mbio nimkatize, maziwa yakinidondoka. Wakati huo huo mlango ukagongwa. Bwana Khalfan, wakala wa mwenye nyumba. Mzee aliyezaliwa Unguja, Kiswahili chake kinateleza kama samli. Jirani alikuwa amelalamika kuhusu walevi wanaoimba.

Alisalimia kila mtu, akauliza hali zetu na za jamaa zetu nyumbani. Kisha akatazama jagi, akamtazama Herbert ukutani, akanitazama mimi na jicho langu.

"Mwanangu Japheth, nini hiki?"

Nilielewa hali ilivyo. Nikisema ni bia, mimi na Abubakari tunalala nje, na pengine tunarudishwa kwetu. Nikisema si bia, Herbert ananicheka mbele ya Phyllis. Naona aibu kuandika haya, lakini nilisita. Nilisita mpaka Abubakari akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alionekana kama mtu aliyeshika kamba na anasubiri upande wa pili nao ushike.

Sikushika. Akaenda nyuma ya jiko mwenyewe, akarudi na mfuko mweusi, akamwaga makopo miguuni pa Bwana Khalfan.

Mzee alivaa miwani. Akasoma kwa sauti, kwanza Kiarabu, kisha akatufasiria: haina kilevi kabisa. Akasoma na kopo la pili, kwa uhakika. Kisha akaomba glasi. Alikunywa, akakohoa mpaka kofia ikaenda upande, akaomba aongezewe.

Chelsea akasema kichwa kimeacha kuzunguka. Herbert alikuwa amesimama wima mbali na ukuta, anafunga vifungo.

Phyllis hakunitazama kabisa. Alimuuliza Herbert kama yale aliyoyasema yalikuwa ya kinywaji.

Herbert alitazama makopo sakafuni. "Kama hakuna kilevi," akasema, "basi yalikuwa yangu."

Phyllis akasogeza mkoba wake kutoka kwenye kochi ili akae. Kameruni ilifungwa moja bila. Sidhani wale wawili waliona bao.

Jumamosi, 14 Juni

Nilidhani leo Abubakari atanitukana. Amepika wali wa nazi, akaniwekea sahani, akafunika. Hilo ni baya kuliko matusi.

Jioni nikamwomba radhi. Nikasema nilipaswa kuleta yale makopo mimi. Akasema hakuogopa kufukuzwa. Kilichomuuma ni kwamba nilihitaji kufikiria. Nikaosha vyombo vyote, hata vile visafi. Akaja kufuta pembeni yangu, akaniambia niache uongo, siuwezi. Nikaahidi. Nilimaanisha kabisa.

Jumapili, 15 Juni

Jicho limefunguka.

Chelsea amenitumia ujumbe kuniuliza hali. Amecheka sana kuhusu Ijumaa, lakini kwa wema. Hapo awali sikuwahi kumtazama Chelsea vizuri, nadhani kwa sababu ya Phyllis kukaa mbele yake. Anasema kitu anachokikosa zaidi hapa Doha ni mursik, maziwa ya kuchacha ya kwao, yale ya kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa.

Nimetafakari makosa yangu kwa makini. Kosa lilikuwa pilipili. Mursik haina pilipili.

Maziwa ya ngamia nimepata. Kibuyu sina, lakini thamosi ya Abubakari ina umbo lile lile, na mkaa wa shisha ni mkaa tu. Nimeusugua ndani vizuri, nikamimina, nikaificha chini ya kitanda ili maziwa yachache kwa joto.

Nimemwambia Chelsea imeletwa na ndege jana, moja kwa moja kutoka Eldoret. Anakuja Ijumaa.

Abubakari ameuliza kama nimeona thamosi yake. Nimemwambia sijaiona.