Kheri ya Mlangoni

Jumamosi, 6 Oktoba 2001
Siku ya kwanza mitaani! Dokta Millicent, Mkenya anayetufundisha utafiti wa afya, katugawia fomu za maradhi ya sukari, mimi na Nasriya. Kaeni na watu, anasema. Wasikilizeni, wao ndio watakaotwambia tutafute nini. Maneno matamu. Lakini nafasi ya kazi ni moja, sisi wawili, na akili ninazo. Fomu najaza mlangoni, kiatu sivui. Mtaa wangu wa Matrah leo: nyumba ishirini na mbili. Nasriya: tatu! Kashiba kahawa na halua, maskini.

Jumapili, 7 Oktoba
Thelathini! Nimeingiza na jamaa zangu. Khala Kheiria, dada wa mama, aliyenilea tangu mama alipofariki, kafungua mlango huku kashika ukuta. Nikamuuliza afya. Kheri tu mwanangu, akasema, ingia, kahawa tayari. Nikaandika "kheri". Nikamwambia siku nyingine. Nilipofika kwenye kona bado kasimama pale pale.

Jumanne, 9 Oktoba
Dokta kauliza inakuwaje Matrah nzima haina mgonjwa hata mmoja. Nikamjibu kwa fahari: hewa ya bahari. Nasriya kacheka. Akamweleza kuwa kwetu mtu akiulizwa habari, kwanza husema kheri, hata kama ndani kuna maiti. Habari yenyewe huja kikombe cha tatu. Utadhani mimi siyajui hayo! Nimezaliwa nayo. Lakini vikombe vitatu kwa nyumba thelathini, si nitapasuka kibofu?

Jumatano, 10 Oktoba
Dokta kaamuru nyumba zangu zote zirudiwe. Nimefanya hila. Nimebadilishana na Nasriya: yeye Matrah, mimi mtaa wake wa Mabela, nyumba mpya, milango yote ina kengele. Kakubali, mjinga!

Jumamosi, 13 Oktoba
Nasriya kanipigia simu, sauti ndogo. Kapita kwa Khala. Kikombe cha kwanza, kheri. Cha pili, kheri. Cha tatu, Khala kafunua mguu. Kidonda cha unyayoni, cha wiki tatu, kimeshakuwa cheusi. Nasriya kamuuliza kwa nini hakunambia mimi. Kasema alikuwa akingoja nikae.
Nimelia mpaka kifua kinauma.

Jumatatu, 15 Oktoba
Wamemkata mguu, chini ya goti. Daktari kasema lau angefikishwa wiki moja kabla, ungepona. Wiki moja kabla nilikuwa mlangoni pake, nimesimama kwa miguu yangu yote miwili. Nimeapa: sitamuuliza tena mtu habari zake nikiwa nimesimama.

Jumatano, 17 Oktoba
Hospitali. Khala kafurahi kuniona, kanionyesha kiti. Nasriya alikwishamletea chupa ya kahawa. Nikakaa! Nikamuuliza habari. Kheri tu mwanangu, akasema, akanimiminia.
Ndipo nilipotupa jicho wodini. Vitanda arubaini. Hapana milango, hapana jua, na fomu ninazo mkobani! Nikanywa kikombe kimoja, nikakitikisa kuonyesha imetosha. Khala akakipokea, akakitazama. Nikaanza naye: kheri. Kisha nikapita kitanda hadi kitanda, nikikaa kidogo kila ukingo, maana kiapo ni kiapo. Kabla ya adhuhuri nimewamaliza wote, wote kheri. Nasriya atanitambua!
Wakati naondoka Khala aliniita, alikuwa na neno. Nikamwambia siku nyingine.